Kipindi cha Salamu cha Tarishi Mstaafu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimezaliwa upya. Binti yangu, karani wa zahanati, ameniwekea kwenye simu programu tatu za akili mnemba. Ya kwanza inaandika. Ya pili inasoma kwa sauti ya mtangazaji. Ya tatu inasambaza podikasti kila mahali watu wanaposikiliza. Miaka thelathini nilikuwa tarishi, nikipandisha mafaili ya watu ghorofani kwa miguu. Sasa ni zamu yangu kutuma.

Podikasti yangu ni ya salamu. Kama zamani, kadi zikisomwa redioni saa kumi alasiri na mtaa mzima kimya. "Anawasalimu wafuatao, popote walipo." Nguo kwenye kamba, redio dirishani, mimi na Kinyozi benchi moja, tunasubiri kusikia majina yetu. Machozi yamenilenga.

Kinyozi! Duka lake liko ng'ambo ya barabara, natazamana nalo kila nikinywa chai. Hatujasemeshana miaka kumi na tisa. Tulituma kadi moja ya pamoja, nikatanguliza jina langu. Akanuna, nami nikanuna zaidi. Tangu hapo nanyolewa mbali, tena vibaya. Podikasti ikivuma atakuja mwenyewe kuomba asalimiwe. Mpango ndio huo. Simwambii mtu, lakini nimemkumbuka mno.

Jumanne, 4 Machi

Nimetangaza kwenye kundi la mtaa: leteni salamu. Majibu mawili. Mmoja anauliza maji yanarudi lini. Mwingine ni mke wangu, yuko jikoni. Anasema anajisalimia mwenyewe, kwa kuwa mimi sijamsalimia tangu asubuhi.

Watu wamesahau kusalimiana. Lakini ninalo daftari. Miaka ile kila salamu ya mtaa wetu iliyosomwa redioni niliinakili, na tarehe yake. Nimepiga picha kurasa arobaini, nikaiamuru mashine iziandike upya kana kwamba zimetumwa leo. Binti akauliza kama nitasikiliza kabla ya kusambaza. Nikamwambia mtangazaji hasikilizi, anatangaza. Nikasambaza.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Nilikuwa dirishani. Kinyozi kaipata podikasti yangu kwenye kundi, anawasikilizisha wateja. Nikajichekea. Mara akazima mashine ya kunyolea, akawatoa wote nje. Mmoja ameondoka na nusu kichwa.

Mke wangu ndiye aliyenifungua macho, baada ya kuniita mbumbumbu. Salamu ya kumi na nne imetoka kwa Malkia wa Cherehani. Huyo ni mke wa Kinyozi, fundi nguo, tuliyemzika miaka sita iliyopita. Mtangazaji wangu amesema yu mzima wa afya na anamsalimu mumewe. Ujumbe wake: arudi mapema, chai inapoa.

Nimesikiliza kipindi chote. Watu sitini. Nusu yao marehemu, na wote wanaendelea vizuri. Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 7 Machi

Kinyozi kabisha hodi. Nikajificha nyuma ya kabati. Mke wangu akamwonyesha kabati.

Hakunipiga. Aliuliza jambo moja tu: yale maneno ya chai ni ya mkewe, au mashine imeyatunga? Sikujua. Aibu ilinishika, kwa kweli. Nikafungua daftari, ukurasa baada ya ukurasa, yeye kasimama pembeni. Ukurasa wa thelathini na moja. Yapo. Ni yake, neno kwa neno. Akatazama tarehe. Akasema wiki ile redio ya duka ilikuwa imeharibika, iko kwa fundi redio. Hakuwahi kuisikia.

Akaketi. Akasoma kwa kidole, kisha tena. Akalia, nami nikalia. Baadaye tukamkumbuka mtangazaji wetu wa zamani, aliyekuwa akikohoa kabla ya kila jina. Tukacheka kama tuko kwenye benchi letu. Akanivusha barabara akaninyoa. Kichwa changu hakijapata raha hiyo miaka kumi na tisa.

Amesema Jumatatu atakuja kumjibu mkewe, kwa sauti yake mwenyewe. Ameomba kitu kimoja: mashine isimsemee tena mtu wa nyumba yake, wala yeye. Nikaapa.

Jumapili, 9 Machi

Wasikilizaji themanini na wawili! Wanauliza toleo la pili liko wapi. Jumatatu ni mbali. Na Kinyozi husema polepole, atanimalizia siku nzima. Jana alinitumia ujumbe wa sauti kunijulia hali. Mashine imetosheka na huo. Sasa inazungumza kama yeye, na haraka zaidi.

Jibu kwa marehemu limetoka tamu, limenitoa chozi. Mwishoni nimeongeza sentensi moja tu, kwa sauti yake: kwamba kwenye ile kadi, kusema kweli, jina langu mimi, si lake, ndilo lililostahili kutangulia. Ni ukweli ambao angeufikia mwenyewe, nimemsaidia tu.

Nimesambaza. Namwona dirishani, ameisikiliza mpaka mwisho. Amefunga duka mapema. Anavuka barabara, mkasi bado uko mkononi. Furaha imemzidi. Nakwenda kumfungulia.