Mashine Isiyopenda Kimya

Jumapili, 3 Agosti 2025

Aibu ya leo ni ndogo, lakini naiandika. Harusini kule Rodi, nikiwa nimeinama nyuma ya spika zangu nafunga waya, Cliff alitangaza kwenye maiki kwamba fundi Willis bado hajaoa, kwa hivyo asizoee kusimama karibu na keki. Harusi nzima ikacheka. Mimi pia nikacheka. Ningefanya nini?

Cliff ni MC. Sauti ni yangu, sifa ni zake. Umati ukilala, yeye hunguruma, "Mbona kimya? Kwani kuna mtu amekufa hapa?" na watu wanalipuka kwa vifijo. Kila harusi neno lilelile! Na kila harusi wanalipuka!

Asichojua ni kwamba rekodi za kazi zake zote ninazo. Cheka tu, Cliff.

Jumatatu, 4 Agosti

Bosibori amefiwa na nyanya yake, Mong'ina. Nililia naye, tena kwa dhati. Kisha, Mungu anisamehe, nikaona nafasi.

Bosibori anauza dawa hapa Homa Bay na tumekubaliana kuoana. Shida ni baba yake. Mzee Mokaya ni mfanyabiashara wa ndizi kule Migori na mzee wa kanisa la Sabato. Siku aliyonipokea aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza kwa kirefu. Nilipomaliza akaniuliza tena nafanya kazi gani. Mpaka leo hajasema wazee wangu waende kwake kuposa, wala hajasema wasiende. Mzee huyo ana maneno machache kama mtu anayeyalipia ushuru.

Nikampigia simu ya pole. Nikasema vyombo nitaleta mimi, bure, na kuongoza shughuli pia wasijali. Alijibu kwamba spika moja ya mhubiri inatosha. Nimelichukua hilo kuwa ndiyo.

Jumanne, 5 Agosti

Mfumo umekamilika! Nilisoma kwamba akili mnemba ya aina moja ina upungufu wake, lakini ukiunganisha aina kadhaa, hii inafunika aibu ya ile. Mfumo mseto! Wangu una sehemu tatu. Ya kwanza inasikiliza umati. Nimeifundisha kwa rekodi za Cliff: kelele ni furaha, kimya ni hatari. Ya pili ni kanuni: watu wakifurahi, ongeza sauti, wakilala, waamshe. Kanuni za mila nimezitoa kwa shangazi Phelesia, ambaye hajakosa matanga hata moja kutoka Mbita hadi Kendu Bay. Ya tatu inatunga maneno na kuyasema kwa sauti nzito kuliko yangu.

Nikaijaribu. Nilipiga makofi, ikaniita mheshimiwa. Nilinyamaza, ikaniamsha. Nilijiona mtu.

Bosibori aliniuliza swali moja tu: kati ya hizo tatu, ni ipi imewahi kufika kwenye matanga ya kwao? Nikamjibu hakuna, lakini zikiungana zimefika kila mahali. Aliniangalia sana. Akanisihi nipeleke spika moja, ya mhubiri. Familia hii na spika moja!

Jumatano, 6 Agosti

Nimepakia spika sita. Mfumo wenyewe nimeuweka ndani ya sanduku la chuma pamoja na amplifaya, nikafunga kwa kufuli, mtu asije akachezea vitufe. Maana Cliff ana ndugu kila mahali.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo tumemzika Mong'ina kule Migori. Nitaandika tu.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mfumo uliwakaribisha wageni kwa adabu, na Mzee Mokaya akaitikia kwa kichwa. Kwaya ikaimba. Lakini watu wale huzika polepole: wimbo, neno, wimbo. Hakuna yowe, hakuna aliyejitupa chini. Nikaanza kutoka jasho. Punde mfumo ukauliza ni nani atakuja mbele kufanya pakruok, ajisifu na kutunza kidogo huku muziki ukipigwa. Ni kanuni ya shangazi Phelesia. Kwetu Homa Bay ingepita. Pale Wasabato walitazamana. Mhubiri alinitazama mimi. Nikatabasamu kama mtu asiyejua spika ni za nani.

Kisha tukaenda kaburini. Mhubiri akaomba kila mtu ainamishe kichwa na kumkumbuka Mong'ina kimyakimya. Watu wote wakanyamaza. Watoto wakanyamaza. Hata kuku wa jirani walinyamaza! Na mimi nilijua. Nilijua kabla haijasema. Nikapapasa mfuko kutafuta ufunguo wa sanduku. Ufunguo ulikuwa kwenye suruali nyingine, Homa Bay.

"Mbona kimya?" zikanguruma spika zote sita. "Kwani kuna mtu amekufa hapa?"

Kisha ohangla, ngoma ya harusi zetu.

Akina mama wakapiga mayowe. Vijana wakapaza sauti, zima, zima! Sehemu ya kwanza ikasikia kelele: furaha. Ya pili ikaamua: ongeza sauti. Ya tatu ikawashukuru watu wa Migori, ikasema wako moto leo. Kila sehemu ilifanya kazi yake barabara. Hilo ndilo linaloniua.

Nikalivuta kufuli la sanduku kwa mikono miwili, likakataa. Mzee Mokaya akaondoka kando ya kaburi la mama yake, na suti yake nyeusi, akatembea taratibu mpaka kwenye jenereta langu, akainama, akalizima. Mafuta yakamchafua mkono wa shati. Akarudi mahali pake, akainamisha kichwa tena. Hakunitazama. Laiti angenipiga! Bosibori ndiye aliyenitazama, na macho yale bado ninayo mpaka sasa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijatoka nje. Naona aibu hata mbele ya ukuta. Shangazi Phelesia alileta samaki, akaniambia habari ilifika Homa Bay kabla yangu. Kisha akaniuliza kama pakruok ilikwenda vizuri.

Cliff akapiga simu. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Alisema pole, akasema neno lile yeye mwenyewe hathubutu kulisema matangani, hata akiwa amekunywa. Kisha akaniuliza kama nimekula. Afadhali angecheka.

Jioni, ujumbe wa Bosibori: kesho baada ya kanisa niende kwa baba yake, niende mwenyewe. Nimelifikiria sana hilo neno mwenyewe. Nadhani ana maana nisiende na spika.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilikwenda na ombi la msamaha lililotungwa na mfumo, refu, lenye mistari ya Biblia, tayari kunong'onezwa sikioni. Langoni Bosibori alinyoosha mkono. Nikampa simu. Mkono ukabaki palepale. Nikampa na kile kifaa cha sikioni.

Nikakaa mbele ya Mzee. Nilifungua mdomo nikasema nisamehe, Baba, na baada ya hapo yakatoka machozi tu. Nikainamisha kichwa. Hakusema kitu. Tukakaa hivyo, saa ya ukutani inasikika. Mtu niliyemharibia siku ya kumzika mama yake alinimiminia chai kwa mkono wake. Nilitamani nigeuke kuwa kiti.

Hatimaye alisema kwamba mama yake alikuwa kiziwi miaka yake ya mwisho, na watu walimpigia kelele bila yeye kusikia lolote. Akasema labda juzi alisikia. Mdomo wake ulicheza kidogo pembeni. Sikujua kama inafaa nicheke, nikanyamaza. Akasema leo nimenyamaza vizuri. Akasema wazee wangu waje Desemba.

Waje Desemba! Bosibori alinisindikiza mpaka barabarani, akanirudishia simu yangu, akaniomba jambo moja: siku hiyo nije hivihivi nilivyokuja leo, mimi tu. Nikaapa mbele yake.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari usiku kucha na nimejifunza. Kosa halikuwa kuunganisha. Kosa ni kwamba sehemu tatu zilikuwa chache. Ya nne ilikosekana: kimya! Kimya kinafanya kazi, Mzee Mokaya mwenyewe amekiri.

Bahati nzuri jana simu ya pili ilikuwa kwenye soksi. Nina rekodi ya kimya chote cha Mzee, safi kabisa, na saa ya ukutani ndani yake. Naona aibu kumficha Bosibori. Naona aibu kweli. Lakini Desemba atanishukuru.

Leo nimeichezea mashine rekodi hiyo ili ijifunze. Ilisikiliza kwa heshima, nikajivunia. Karibu na mwisho ikaniuliza kwani kuna mtu amekufa hapa.

Nimeipunguzia sauti. Sasa inanong'ona. Kwa mazungumzo ya mahari iko tayari.