Vikinga-Tope Vinne na Gereji Yangu

Jumatatu, 13 Januari

Baridi hasi ishirini na tisa. Nimeamka mara nne kuchungulia dirishani, sijui nilikuwa nachungulia nini. Noreen katoka kwenda kazini, kasimama kando ya gari lake, kaanza kulipiga mateke. Barafu imejijenga tena nyuma ya matairi na kushikana na vile vikinga-tope vya mpira, mpaka tairi likikata kona linasaga kama jino bovu. Teke la kulia. Teke la kushoto. Hapa Halbrook kila mtu hulipiga gari lake mateke asubuhi, ndio ustaarabu wetu. Lakini mke wangu alikuwa ananitazama mimi huku akipiga.

Jioni katoa hukumu. Vikinga-tope vyote vinne vitoke kabla ya Jumapili. Nivitoe mimi, peke yangu, nianze na nimalize. Nikishindwa, gereji inasafishwa na gari lake linalala ndani mpaka theluji iishe. Nikamwambia gereji imejaa kazi zangu. Akasema anajua, ziko kumi na saba, amezihesabu, na hakuna hata moja iliyokwisha.

Gereji yangu. Mahali pekee duniani ambapo hakuna anayeniuliza nafanya nini. Tangu aseme sijaweza kukaa kitini.

Jumanne, 14 Januari

Nimeanza! Nililala chali juu ya kadibodi uani. Kila kikinga-tope kina skrubu tatu, na skrubu zote zimezama ndani ya barafu. Mpango: mashine ya Noreen ya kukaushia nywele. Nikavuta waya kutoka jikoni kupitia dirishani. Barafu ikayeyuka vizuri mno. Nikaenda kutafuta bisibisi. Kurudi, maji yameganda upya, safari hii pamoja na glavu yangu niliyoisahau pale. Nimevuta mpaka mgongo ukalia. Haitoki. Sasa kikinga-tope cha nyuma kushoto kimevaa glavu.

Na katikati ya hayo kapita Orest. Huyu ni mwanyumba wangu, mume wa Bernadine, dada yake Noreen. Sikumchagua. Alishusha kioo cha gari vidole viwili tu, joto lisitoke, akauliza, "Vipi mwanyumba, umeanguka au umepumzika?" Nikamjibu nachunguza. Akasema chunguza tu, bwana, barafu haina haraka. Halafu akanikumbusha kuwa gari la Bernadine halina shida hizi, linalala ndani penye joto, na vikinga-tope vyake alivifunga mwenyewe mwezi wa kumi, akavinyoosha kwa pima-maji. Pima-maji, jamani. Na magari yenyewe ni pacha. Dada hao waliyanunua siku moja, rangi moja ya kijivu, ili muuzaji awapunguzie.

Noreen kauliza kwa nini jikoni kuna theluji, na kwa nini mashine yake ya nywele inanuka tairi. Nimemwambia kazi inaendelea.

Alhamisi, 16 Januari

Nimegundua kosa liko wapi. Si mimi, ni baridi. Kazi hii inataka ndani. Basi nikaamua kupisha nafasi kwenye gereji yangu. Mna mtumbwi, injini nne za mashine za kufulia, nusu ya pikipiki ya theluji na milango sita isiyo na nyumba. Nikahamisha mtumbwi kutoka kushoto kwenda kulia. Chini yake nikakuta debe la skrubu zilizochanganyika, nikaanza kuzipanga kwa urefu. Saa nne zikapita. Nikaurudisha mtumbwi kushoto.

Nimezunguka nyumba mara sita. Noreen kasema nikae nitulie, namtia kizunguzungu.

Mzunguko wa saba, nikapata. Jumamosi kuna mashindano ya kutelezesha mawe kwenye ukumbi wa barafu, ule mchezo ambao mmoja husukuma jiwe zito na wenzake huifagia barafu mbele yake. Orest ndiye nahodha, atakuwa huko mchana kutwa akiwafokea wenye mafagio. Noreen na Bernadine watakuwa jikoni mwa ukumbi wakipika perogi, vile vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Gereji ya Orest itakuwa tupu. Ina joto. Sakafu yake unaweza kulia ugali. Namba za siri za kufungulia mlango lazima ziwe siku yake ya kuzaliwa, maana mtu anayejipenda namna ile hawezi kuweka tarehe nyingine.

Jumamosi, 18 Januari

Niandike yote kwa mpangilio.

Saa nane mchana nilitoka ukumbini kama mtu anayekwenda msalani. Nje magari thelathini na kitu yananguruma peke yake, milango wazi, funguo ndani, maana hakuna mwenye akili timamu anayezima injini kwenye hasi thelathini na tatu. Yote yamekuwa rangi moja ya chumvi ya barabarani. La Noreen lilikuwa karibu na mlango. Nikaingia, nikaondoka. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kabisa, miguu yangu ikaelea. Niliguswa sana. Kumbe mke wangu hunifikiria.

Kwa Orest mambo yakazidi kuwa mepesi. Niliposhusha kibao cha kuzuia jua, kidole kikagusa kitufe fulani, na mlango wa gereji ukapanda wenyewe. Sikuuliza maswali. Mtu akibahatika asiulize.

Ndani joto. Barafu kwenye matairi ilikuwa kiasi tu, nikajua imeniogopa. Bisibisi za Orest zimepangwa ukutani kwa ukubwa. Skrubu ya kwanza ikazunguka. Ya pili ikazunguka. Dakika hamsini, vikinga-tope vinne sakafuni, skrubu kumi na mbili kiganjani, hakuna iliyopotea. Nilizihesabu mara tatu. Sioni haya kuandika kwamba machozi yalinilengalenga. Nimemaliza kitu!

Nilirudi ukumbini nikavibwaga mezani, katikati ya sahani za perogi. Timu ya Orest ilikuwa imeshinda na watu wote wako pale wanakunywa kahawa, afadhali wasikie. Nikamwambia Noreen, haya, vinne, na skrubu zake. Noreen akanitazama kama alivyonitazama mwaka ule tuliooana. Akaniwekea kiganja shavuni mbele ya watu. Nikaongeza kwamba kazi niliifanyia gerejini kwa Orest, chini ya saa moja, bila msaada wa mtu.

Orest akachukua kimoja. Akakigeuza. Akakifuta kwa leso. Nyuma kuna herufi O.H. kwa rangi nyeupe. Huyu bwana huandika jina lake hata kwenye koleo la theluji. Akaniuliza taratibu kabisa, "Mwanyumba, gari la mke wangu limekukosea nini?"

Ukumbi ukalipuka. Hata mchungaji wa kanisa letu ilibidi akalie kiti. Bernadine akasema kama nina shida ya mipira ningemwomba tu. Noreen akashusha mkono wake akaenda dirishani. Gari lake lilikuwa pale pale alipoliacha, nafasi ya pili kutoka mlangoni, vikinga-tope vyote vinne, na glavu yangu inapunga upepo.

Yeye hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kwa miaka kumi na tisa alisubiri aone nimemaliza jambo moja, na leo ameliona, na si lake. Bora angenifokea.

Jumapili, 19 Januari

Orest kaja na trela. Milango sita imekwenda. Injini zimekwenda. Mtumbwi uko sebuleni nyuma ya kochi. Meza yangu ya kazi imebebwa mpaka chumba cha chini, nimetembea pembeni yake nimeishika mguu. Kisha Noreen akaingiza gari.

Kufika jioni barafu yote ilikuwa imedondoka yenyewe sakafuni. Bila bisibisi. Glavu nayo ikaachia. Noreen akasema basi vikinga-tope vibaki, havikuwa na kosa lolote, kilichohitajika tangu mwanzo ni nafasi ndani. Akanitazama, akasubiri. Nikamwambia nimeelewa. Akasema kweli? Nikasema kweli.

Jumatatu, 20 Januari

Nimepanda na kushuka ngazi tangu alfajiri. Nimeelewa kabisa. Tatizo si mimi, wala si gari. Ni upana.

Nimepima. Vioo vya pembeni vikitoka, napata sentimita ishirini kila upande, na meza yangu inarudi ukutani ilipokuwa. Ni skrubu tatu tu kila kioo. Joto lipo. Bisibisi nimeazima kwa Orest bila kumsumbua kwa kumwambia. Noreen leo kaenda kazini na Bernadine, nina siku nzima, na vioo vyenyewe hatavihitaji mpaka atakapotaka kulitoa gari gerejini kinyumenyume.