Sabuni na Sanaa ya Kugusa

Asubuhi ile Sabuni alipita uchochoroni, nyuma ya soko, kwa sababu barabara kubwa ilikuwa na watu wengi mno waliomfahamu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mji, maana ukimkamata anateleza, na akishapita kwako anakuacha na mfuko msafi kabisa.

Huko uchochoroni akamwona mwanamke kachuchumaa mlangoni, anapiga pasi mifuko ya plastiki.

Sabuni akasimama. Alikuwa ameona mengi katika kazi yake, ila mtu wa kunyoosha takataka hakuwahi kumwona. Mwanamke alitandika mifuko, akaifunika kwa gazeti, akapitisha pasi, na mifuko ikashikana ikawa kitu kimoja kinene kama ngozi. Juu yake akapanga vifuniko vya chupa na kuvibana kwa waya. Kando yake mwanamume mwenye fimbo nyeupe alikuwa akipapasa kazi iliyokwisha.

"Mvua yako inanyesha kwenda juu, dada," alisema mwanamume.

"Umeishika kichwa chini, kaka. Usinisingizie."

Mtaa mzima ulimwita yule mwanamke Mama Vifuniko. Kaka yake, ambaye haoni tangu kuzaliwa, ni mwalimu wa watoto wasioona katika shule iliyo karibu. Kazi hizo zilikuwa picha za kupapasa, kwa ajili ya watoto hao. Mtoto ataambiwa habari za mawimbi mpaka achoke, lakini mawimbi hayakai mkononi, na mamba hakubali kupapaswa. Kwa hiyo Mama Vifuniko aliwatengenezea wimbi la mirija, mvua ya kamba za plastiki, na mgongo wa mamba uliojaa vifuniko vya kila namna.

"Tatizo ni paa la darasa," Mama Vifuniko alimweleza mgeni, kwa kuwa Sabuni alikuwa tayari ameomba kigoda na kukikalia. "Limetoboka. Mvua ya kweli inaingia kuitazama mvua yangu. Msimu ukianza kabla hatujaezeka, watoto watarudishwa makwao."

"Pole sana, dada yangu," alisema Sabuni, akafumba macho kwa huzuni, na kwa kuwa mkono wake haujui kutulia, ukagusa ile picha ya mvua.

Vinyweleo vikamsimama. Alihisi maji yakimtiririka kiganjani. Kwa kitambo kifupi mtu huyu, aliyewahi kumuuzia bwana harusi pete ya bomba, alikuwa mtoto aliyelowa uwanjani na hataki kuitwa ndani. Hakupenda hali hiyo. Moyo si kifaa cha kazi. Akafumbua macho haraka, akaona kamba za magunia na karatasi ya sabuni ya unga.

Akafumba. Hazina. Akafumbua. Jalala.

Basi hapo ndipo biashara ilipozaliwa: vitu hivi viuzwe kwa watu waliofumba macho.

"Mwalimu, shikamoo," alisema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Marahaba. Masikio yangu hayajambo."

"Mimi ni mkurugenzi wa maonyesho ya sanaa. Nipeni picha hizi tuzionyeshe kwa wenye uwezo. Hazitauzwa, zitaonyeshwa tu. Watachangia, nanyi mtapata paa."

Mama Vifuniko akamtazama kaka yake. Kaka yake akageuza uso kuelekea kwa mgeni, kama anayenusa chakula kabla ya kukila.

"Ukumbi wa shule upo," alisema. "Tutajaribu."

Sabuni hakulala kwa furaha. Mchana alizunguka mjini kwa suti ya kuazima, akimwelezea kila tajiri sanaa mpya ambayo ng'ambo watu wanakanyagana kuigusa. Bwana Chupa, mwenye kiwanda cha maji ya chupa, alikuja mwenyewe shuleni kudokezwa zaidi. Mama Saluni, ambaye saluni zake ziko kila kona, alikuja siku iliyofuata, akinukia kabla hajafika.

Sasa, Sabuni alikuwa na kasoro moja ambayo watu wengi wenye macho wanayo. Aliamini kwamba asiyeona pia hasikii. Alipozungumza na Mwalimu alipaza sauti hadi njiwa wakaruka darini. Na alipokuwa na siri, aliisema pale pale mbele ya Mwalimu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayevua shati mbele ya kabati.

"Mgongo wa Mamba ni wako peke yako," alimwambia Bwana Chupa, hatua moja kutoka alipoketi Mwalimu. "Leo unanunua, mwakani unauza mara kumi."

"Na hao watoto?"

"Watoto hawajui bei, mzee."

Kesho yake akamwahidi Mama Saluni mamba yule yule, mahali pale pale. Mwalimu alikuwa akisuka ukili wa mifuko. Vidole vyake havikusita.

Jioni hiyo Mama Vifuniko, alipoelezwa na kaka yake, alitaka kwenda kuzitoa picha zote ukumbini. "Mwizi huyu, kaka. Atauza kazi ya watoto na paa tusilione."

"Paa mimi sitaliona hata likija," alisema Mwalimu. "Ila nataka kulisikia likinyeshewa. Ukimfukuza leo, tutabaki na picha na matobo. Mwache atuletee watu. Watu wa namna hiyo mimi na wewe hatuwezi kuwaleta."

Kisha akamwendea Sabuni na ushauri. "Mkurugenzi, hivyo vitambaa unavyotaka kuwafunga wageni machoni havitoshi. Watu watachungulia. Ziba madirisha, uzime taa, ukumbi uwe giza totoro. Na mimi na wenzangu wasioona tutawaongoza wageni."

Sabuni alimkumbatia. Giza ndicho kitu pekee alichokosa katika mpango wake. Wageni wakishatia pesa kikapuni, atawaambia wanyamaze wasikilize sanaa kwa vidole, kisha atashika kikapu, atafuata ukuta, picha baada ya picha, mpaka mlango wa nyuma unaotokea uchochoroni. Akafanya mazoezi akiwa amefumba macho, akihesabu picha kwa sauti, Mwalimu akiwa amekaa pale pale akisuka. Picha nyingine zilimchanganya, lakini Mgongo wa Mamba, uliotundikwa kando ya mlango huo, angeutambua hata usingizini.

Siku ilipofika, ukumbi ulizibwa kwa magunia meusi. Wageni waliingia wakijikwaa na kucheka kwa woga. Kila mmoja alishikwa mkono na mtu asiyeona, ambaye alitembea gizani kama anayekwenda jikoni kwake.

"Nani kanikanyaga?" aliuliza Bwana Chupa.

"Ni mimi," alijibu Mama Saluni. "Na wewe toa kiwiko chako kwa mamba wangu."

"Mamba wako tangu lini?"

"Tulieni, wapendwa," Sabuni aliimba. "Sanaa haigombaniwi, inalipiwa."

Ajabu ni kwamba waliguswa kweli. Wapo waliofika kwenye mvua wakakinga viganja. Mama Saluni alisikika akivuta kamasi mbele ya wimbi. Pesa zilianguka kikapuni kwa mchakacho mtamu, na Sabuni akaona wakati umewadia.

"Sasa kimya," alisema. "Sikilizeni kwa vidole."

Akanyakua kikapu. Akafuata ukuta. Laini, mikunjo, kamba kamba, laini tena, halafu, asante Mungu, vifuniko. Mgongo wa Mamba. Akapapasa kitasa, akafungua, akaingia, akavuta mlango nyuma yake taratibu kama mwenye adabu. Komeo likaanguka kwa nje.

Hewa ya uchochoro ilikuwa nzito kupita kawaida. Akapiga hatua, akazama kiunoni katika chupa tupu. Hii ilikuwa stoo ya Mama Vifuniko. Mwalimu alikuwa amemhamisha mamba kwa mlango mmoja tu.

Ukumbini taa zikawashwa. Wageni wakapepesa macho, wakatazama walichokuwa wakikililia, na Bwana Chupa akaiona nembo ya kiwanda chake imerudiwa kila mahali mgongoni mwa mamba.

"Hizi ni takataka zangu," alisema polepole. "Nimelipia takataka zangu mwenyewe."

"Kweli kabisa," Mwalimu alidakia, "na umezinunua ili uwaachie watoto, nao waezekewe darasa. Mwandishi wa gazeti yuko hapa, mzee. Mwambie mwenyewe ilivyokuingia moyoni."

Bwana Chupa akageuka, akakuta kamera. Uso wake ulipita mabonde kadhaa kabla ya kufika kwenye tabasamu. "Mimi," alisema, "siku zote nimewapenda watoto."

"Nami vilevile," alisema Mama Saluni haraka. "Kumzidi huyu."

"Na mkurugenzi wetu," aliendelea Mwalimu, "ni mtu asiyependa sifa. Kajificha stoo. Dada, hebu mfungulie."

Mlango ukafunguliwa. Sabuni alitokea na chupa kwenye kola na kikapu kifuani, kama mama na mwanawe. Makofi yakalipuka. Mama Vifuniko akampokea kikapu kwa mikono miwili, akamshukuru, na kamera ikawamulika.

Tapeli anaweza kustahimili rumande, njaa na laana ya mama mkwe, lakini hawezi kustahimili picha ya wazi kwenye ukurasa wa mbele. Gazeti lilipotoka, mji wote ulijua Sabuni yuko wapi. Aliyeuziwa pete alikuja, na mkewe akiwa na kidole cha kijani. Mwenye suti alikuja. Shangazi wawili wa mchumba ambaye Sabuni alimtoroka siku ya harusi walikuja na miavuli, ingawa jua lilikuwa linawaka.

Waliwakuta mafundi juu ya darasa wakipiga bati.

"Mkurugenzi?" alisema Mwalimu. "Kazi yake hapa haijaisha. Darasa likikamilika nitamkabidhi mwenyewe, kwa mkono. Kwa sasa mkimchukua, watoto watanyeshewa. Kaeni kivulini, mnywe maji."

Wakakaa. Hakuna aliyetaka kuitwa adui wa watoto.

Juu ya paa, mmoja wa mafundi alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mabati, jasho linamtoka mpaka kwenye nyusi. Mama Vifuniko akapanda ngazi na kopo la misumari.

"Dada yangu," alinong'ona Sabuni, "wameondoka?"

"Bado. Shangazi wamevua viatu."

Sabuni akafikiri. Kisha akaichukua nyundo. "Hivi darasa la pili," aliuliza, "lenyewe paa lake likoje?"