Rafu ya Falsafa Niliyoiteua Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye kipaji kimeonekana. Kwenye gemu la kompyuta tunalotengeneza kuna nyumba ya mzee wa hekima, na Bosi kanikabidhi mimi kazi ya kuchagua vitabu vya falsafa vya kujaza rafu yake. Mchezaji akigusa kitabu, anasoma kurasa mbili tatu. Wachezaji wa majaribio wakivipita bila kusoma, rafu inafutwa, na jina langu halitokei mwisho wa gemu. Jina langu! Mchoraji wetu wa gemu, kwa wivu wake, akauliza kama nimewahi kumaliza hata kimoja. Nikamjibu mwenye macho haambiwi tazama.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa Shangazi, mwalimu mstaafu mwenye kabati zima la falsafa. Nimechagua kwa mizani yake ya jikoni. Chini ya kilo moja, hamna hekima humo. Akauliza nitavisoma saa ngapi. Nikamweleza kuwa sisi wataalamu hatusomi, tunateua. Alicheka mpaka akavua miwani.

Jumatano, 5 Machi
Nimenakili kurasa sitini, neno kwa neno, hadi yale yaliyoandikwa kwa penseli pembeni. Kumbe wanafalsafa walipenda penseli. Sikuelewa kitu, dalili ya ubora.

Alhamisi, 6 Machi
Ushindi! Joka la kupigana nalo kwenye gemu linasubiri nje, wachezaji wamegoma kutoka kwa mzee. Wanasoma na kushika mbavu. Kitabu kinasema maumivu ni mawazo tu. Pembeni: huyu hajawahi kuumwa jino. Kingine kinasema mtu huru hamtegemei yeyote. Pembeni: na chakula chake kapika nani? Bosi kanisifu mbele ya wote. Nikainamisha kichwa kidogo, kama wafanyavyo wakubwa. Mchoraji akataka kuviona vitabu vyenyewe, akavipekua, akauliza mbona penseli ni mwandiko mmoja katika vyote. Kimbelembele.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kampigia Shangazi, na Shangazi kakiri kuwa maneno ya penseli ni yake. Orodha ya majina ya mwisho wa gemu imetoka. La kwake liko juu, herufi kubwa. Langu halipo. Nimeisoma mara nne. Imeniuma, sikatai. Shangazi kanipigia kunipa pole, akasema nikisoma walau kitabu kimoja nitafika mbali. Maskini, hajui mambo haya. Kosa langu lilikuwa kutegemea falsafa za watu. Nimeanza kuandika yangu. Sura ya kwanza inahusu unyenyekevu wangu, na mpaka sasa ina kurasa arobaini.