Malalamiko Dhidi ya Kanuni Inayotafuta Maboya

Castory Ruhwanya,
Karani wa Orodha za Abiria,
Kasingirima, Ujiji.

Kwa Mwenyekiti,
Ushirika wa Boti za Abiria Mwambao wa Kaskazini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mzee Gervasi,

YAH: KUONEWA NA KANUNI ZA KOMPYUTA

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na kwamba barua hii imekukuta umekaa, kwa maana si ya kusomwa mtu akiwa amesimama.

Kama unavyojua, nimeandika orodha za abiria kwa miaka ishirini na miwili, zamani kwenye daftari, na tangu mwaka jana kwenye kompyuta, katika mafaili ya aina wanayoiita XML. Wewe hukufika kwenye semina kwa sababu ya mguu, hivyo nieleze kidogo. Faili hilo ni orodha ambayo kila kitu kimefungwa kati ya alama mbili zenye jina lake. Safari ndiyo alama ya nje. Ndani yake wamo abiria, na ndani ya kila abiria kuna jina, umri, kiti na namba ya boya lake la kuvaa. Hadi hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi ulianza alipoajiriwa Scola, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemleta ofisini kwako na kumsifia. Kazi yake ni kuandika kanuni za kukagua mafaili hayo kabla boti haijaruhusiwa kuondoka. Anaziandika kwa lugha ya XPath, ambayo kazi yake ni kuelekeza njia ndani ya faili: ingia kwenye safari, shuka kwa abiria, niletee kila asiye na boya. Maneno yote hayo yeye huyaandika hivi:

//abiria[not(boya)]

Kamstari hako ni kafupi kuliko jina langu, na kamenitesa kama ifuatavyo:

1. Kanuni haina adabu. Nikipeleka faili hainiamkii, wala haisemi mwakeye, salamu yetu ya Kiha. Inasema: Kosa, mstari wa 14. Siku ya kwanza nilimwita Scola nikamkumbusha umri wangu. Akanijibu kwa heshima zote, "Baba mdogo, kanuni haikujui wewe. Inajua faili tu." Mzee wangu, katika mji huu hata mbuzi ananijua.

2. Inahukumu safari ambayo haijafanyika. Boti bado imefungwa mwaloni, injini haijawashwa, abiria wengine wako nyumbani wanakunywa chai, na tayari kanuni imeshaona kosa. Nilimuuliza Scola kosa linaonekanaje kabla ya tendo. Akasema ndiyo maana ya ukaguzi wa namna hii: maandishi yanasomwa yakiwa yametulia, kabla hayajatumika, kwa sababu baada ya hapo ni kuchelewa. Mimi nimelelewa kwamba mtu hulaumiwa baada ya kukosea.

3. Ilinidanganya kwamba tumepatana. Mwezi wa pili niliandika neno Abiria kwa herufi kubwa mwanzoni, kwa kuwaheshimu wateja wetu. Kwa wiki nzima mafaili yangu yalipita bila kosa hata moja, nami nikawaambia watu kanisani kwamba mashine sasa imenizoea. Kumbe kanuni inatafuta abiria wa herufi ndogo tu. Ilikuwa inaingia katika boti zangu, haioni mtu, na inatoka imeridhika. Scola alipogundua aliandika kanuni nyingine: safari isiyo na abiria yeyote nayo ni kosa. Kwa hiyo heshima yangu kwa wateja imetungiwa kanuni yake peke yake.

4. Hapa ndipo nilipoumia. Jumamosi ile ya harusi, boti ya nahodha Heritier ilikuwa na abiria thelathini na mmoja wa kwenda Mwamgongo. Maboya yalikuwa ishirini na manne. Nilijua. Lakini kanuni ilichotaka ni kila abiria awe na boya, nami nikampa kila abiria boya. Wale saba wa mwisho niliwaandikia namba za maboya ya wale saba wa mwanzo. Sikuona ubaya, kwa kuwa miaka yote hiyo ziwa lilikuwa halijatuuliza.

Sikujua kwamba asubuhi hiyo hiyo Scola alikuwa ameongeza kanuni kwamba namba ya boya isionekane mara mbili katika safari moja. Faili langu lilirudi na makosa saba, yamepangwa vizuri, kila moja na mstari wake. Scola akateremka mwaloni mwenyewe. Watu walikuwa wameshapanda. Akaniuliza maboya saba yako wapi. Nikasema yapo. Akauliza yapo wapi. Nikasema yapo kwenye faili.

Aliwatazama waliokwisha kupanda, Mzee. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Baba mdogo, faili halielei."

Abiria wote walishushwa. Tulikaa saa mbili tukisubiri maboya ya kuazima kutoka mwalo mwingine, yakaja kwa bodaboda, dereva amevaa mawili na mengine amejifunga mgongoni. Muda wote huo Bi Angelina, shangazi wa bwana harusi, alikuwa amepakata keki, na keki ilikuwa inalegea. Aliniambia kwa upole ambao ungekuwa tusi ningeona nafuu, kwamba hanilaumu, ila angependa kulijua vizuri jina langu ili wakiulizwa ukumbini waseme. Nikamtajia. Barua ya onyo niliipata Jumatatu.

5. Wakati mimi napewa onyo kwa maboya saba ya kubuni, Scola anabuni boti nzima. Nimemshuhudia mchana kweupe, mbele ya watu. Kabla ya kuitumia kanuni mpya huandika faili la uongo makusudi, lenye abiria anayeitwa Mtu Fulani, umri miaka mia tatu, hana boya, amekaa kiti kimoja na mwenzake. Kanuni ikimkamata, Scola anafurahi. Kisha anaandika faili jingine lisilo na kosa, kuona kama kanuni itanyamaza. Anasema kanuni isiyojaribiwa haiaminiki. Nauliza tu: yeye akidanganya ni majaribio, mimi nikidanganya ni onyo. Tofauti iko wapi?

6. Haki iwe kwa wote. Kama kanuni ni nzuri hivyo, zikague na mihtasari ya vikao vyetu. Iandikwe kanuni moja tu: niletee kila ajenda isiyo na azimio. Nimepitia kwa mkono mkutano mkuu uliopita nikapata ajenda kumi na nne, mojawapo ikiwa ununuzi wa maboya, ambayo imeahirishwa mara tatu chini ya uenyekiti wako. Silaumu mtu. Nataja mstari tu, kama kanuni inavyofanya.

Kwa sababu hizo naomba kanuni zote zisimamishwe, onyo langu lifutwe, na Scola ahamishiwe kazi isiyokagua chochote. Ikishindikana kabisa, basi kanuni ziandikwe upya zitambue utumishi wa karani, ili mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini asionekane na kosa.

Nisalimie Mama Leonia na wote wa hapo nyumbani, pamoja na yule daktari wa mguu. Naishia hapa nikiwa na kinyongo lakini na nidhamu.

Castory Ruhwanya

N.B. Barua hii imekaa mezani siku tatu kwa kuwa uko Kasulu msibani, na katika siku hizo limetokea jambo ambalo lazima ulijue. Juzi umeme ulikatika, uliporudi ukaunguza kompyuta ya ukaguzi. Jana hapakuwa na kanuni hata moja. Heritier alinijia akitabasamu, akasema leo tuko kama zamani, nisainie karatasi niondoke.

Niliandika abiria ishirini na wanane, maboya ishirini na manane. Kalamu ikakataa kushuka kwenye sahihi. Nikavua viatu, nikaingia kwenye boti na kuanza kuyashika maboya moja moja. Yalikuwa ishirini na sita. Nikawashusha watu wote. Nilitukanwa kwa Kiha na kwa Kiswahili, naye Heritier akaongeza kwa Kifaransa. Mke wangu Agnesi alikuwa miongoni mwa walioshushwa, anakwenda kumwona mama yake. Yalipoletwa mawili yaliyopungua, nilianza kuhesabu upya, ndipo akaniambia mbele ya watu, "Castory, umekuwa kama kile kidude cha Scola."

Naomba kompyuta itengenezwe kabla ya Jumatatu. Onyo libaki. Agnesi sikumjibu, nilikuwa nimefika boya la kumi na tisa.