Kupanda ni Kupanda

Jumatatu, tarehe 3 Juni

"Mutu ya moyo ya kushona anapandaka pole pole sawa bibi arusi." Hayo ni maneno ya Alphonse, muramu wangu, ndugu ya mke wangu Constance. Aliyatamka jana mezani, mbele ya watu, mdomo umejaa sambaza, dagaa wa ziwani. Nayajibu hapa kwa sababu jana Constance alinikanyaga mguu chini ya meza kila nilipovuta pumzi.

Kwanza, moyo wangu haukushonwa. Kilichoshonwa ni kifua. Moyo ulipewa vali mpya, kitu cha kisasa ambacho Alphonse hana. Pili, miezi mitatu imepita. Tatu, yeye mwenyewe, na moyo wake wa kuzaliwa nao, hupumua kama jenereta akiinama kufunga kamba za viatu. Hoja ya nne ilikuwa kali zaidi, lakini chakula kimeletwa.

(Baadaye.) Jambo lenyewe ni zito. Jumamosi Elodie, binti yetu wa pekee, anaolewa na Guy, kijana wa Bagira. Kwetu hapa Kadutu gari haifiki mlangoni. Bibi arusi hutoka nyumbani kwa miguu, amemshika baba yake mkono, wanapanda kijia hadi kanisani juu, mtaa wote umesimama kando kuangalia. Nimeingojea siku hiyo tangu Elodie hajaota meno. Sasa Constance ametoa amri: ikifika Ijumaa siwezi kupanda hadi kanisani huku nasema vizuri, atakayempeleka ni Alphonse. Alphonse ameshanunua tai. Ya zambarau!

Hilo la kusema vizuri ni sharti la Francine, kiné wa hospitali, anayeufundisha mwili wangu kazi upya. Nipande kidogo leo, kesho niongeze kidogo. Nikiweza kusema huku napanda, niendelee. Nikishindwa kusema, nisimame, nikae, ningoje. Nilimwuliza kama anajua anaongea na nani. Mimi Jean-Marie, niliyembishia profesa mmoja mpaka akauhama mji! (Alphonse anadai alipata kazi Kinshasa.) Kushindwa kusema! Kipimo kama hicho ni zawadi.

Uamuzi: kidogo kidogo ni ya watu wasiokuwa na hoja. Kesho napanda yote.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Sikupanda yote.

Nilitoka baada ya chai, Constance yuko sokoni. Suruali ya krimu, kofia, fimbo ya pambo tu. Mwanzo mzuri ajabu. Nilimpita mbuzi. Nilimpita mama mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani. Akanipita. Nikampita tena, maana heshima ya wanaume wa avenue yetu ilikuwa mashakani. Kwenye kona ya maman Faida, muuza makaa, kifua kikafunga duka.

Faida akanisalimu, akaniuliza maoni yangu juu ya barabara. Juu ya barabara! Mimi! Nimeandika juu ya barabara hiyo makala ambazo magazeti matatu yamekataa kuzichapisha. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Nikakaa juu ya gunia la makaa. Suruali ya krimu.

Faida akapaza sauti hadi ng'ambo ya bonde: "Yezu Maria! Papa Elodie amenyamaza!" Watu wakamiminika. Jasho langu halikuwashtua, wala rangi ya uso wangu. Kilichowatisha ni ukimya. Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema hata siku walimupasula alikuwa anasema. Pumzi iliporudi nikaanza na barabara, tangu wakati wa Wabelgiji. Wakatawanyika upesi, wametulia kabisa.

Lakini habari ilikwishashuka mlima kabla yangu. Nilipofika nyumbani nilikuta majirani wamemzunguka Constance, wanampa pole. Mmoja alikuwa amekuja na kiti chake cha plastiki, tayari kwa kilio. Nikawasalimu wote kwa mkono. Mwenye kiti alionekana amevunjika moyo kidogo.

Constance hakunigombeza. Ni vibaya zaidi. Alichukua simu akamwambia Alphonse ajaribu suti.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nuru!

Nilikuwa nimekaa nje, suruali inaloweka, roho nayo inaloweka. Huko chini barabarani taximan mmoja alimwita mteja: "Papa, unapanda?"

Unapanda! Ndicho Kiswahili hicho. Mtu hupanda mlima. Mtu hupanda moto, pikipiki ya taximan. Kitenzi kimoja, hakuna tofauti hata ya herufi. Francine aliniambia nipande. Alisema kwa miguu? Hakusema. Angetaka miguu angeitaja miguu, mwanamke amesoma. Amri isiyo wazi hufasiriwa kwa faida ya anayeamriwa. Hiyo ni sheria, nchi zote zilizostaarabika.

Nikampanda Parfait. Yaani moto ya Parfait, taximan mtulivu, mwendo wa adabu. Tulizunguka kwa barabara kubwa hadi nyuma ya kanisa. Kuhusu kipimo cha kusema: nilisema njia yote. Barabara, bei ya umeme usiokuwepo, tai za zambarau na kuporomoka kwa maadili. Karibu na juu Parfait ndiye aliyeomba tupumzike.

Nilikaa kwenye ukuta wa kanisa na hindi la kuchoma. Kiangazi kimeanza, vumbi limeanza, lakini katikati ya mabati ya nyumba ziwa lilikuwa linang'aa kama sahani mpya. Mtawa mmoja alinipungia mkono. Sijawahi kufurahia mazoezi namna hii.

Constance aliniuliza kama nimepanda. Nimepanda. Hadi wapi? Hadi kanisani. Na nilikuwa naweza kusema? Bila kukatika. Kila jibu kweli tupu! Macho yakamlainika, akaniongeza mboga ya sombe. Niliila kwa dhamiri safi.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimepanda tena. Naanza kuwa mwanamichezo.

Francine amepita nyumbani. Akashika kifundo cha mkono, akasikiliza kifua, akafurahi. Akauliza miguu inasemaje. Nikamjibu haijachoka hata kidogo. Hata kidogo? Hata kidogo. Akasema hajaona mgonjwa wa namna hii, na kwamba angependa nije niongee na wagonjwa wenzangu, niwatie moyo. Nikakubali kwa unyenyekevu. Hotuba imeshafika sehemu ya tatu.

Alphonse alikuwepo, kaleta tai ili Constance aione kwenye mwanga. Akasogea karibu yangu, akanusa koti. Akasema linanuka essence, petroli tupu. Nikamwambia ni dawa ya kifua. Akauliza kwa upole mkubwa: "Muramu, dawa hiyo iko na plaque ya namba?" Nikamjibu kwamba wivu ni ugonjwa ambao haujapatiwa vali.

Jioni nimemwona kwa juu ya ua, nyuma ya nyumba yake, anafanya mazoezi ya kumpeleka bibi arusi. Mkono ameukunja, kifua mbele, na bibi arusi ni mto wa kulalia ndani ya foronya nyeupe. Alienda mbio kama anakimbiza basi la Bagira. Kwenye kona akauangusha. Akaukanyaga! Nimecheka mpaka kovu likaniuma. Siku njema.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Naandika nikiwa na udongo kwenye kucha. Nieleze.

Asubuhi Constance na Francine walitaka kuona kwa macho yao. Hakuna shida. Nilivaa koti, nikashuka kwa heshima kuelekea barabarani, ambako Parfait alikuwa ananingoja, moteri inanguruma, kama tulivyopatana. Francine akaniuliza papa anaenda wapi. Nikamwambia napanda.

Parfait alizima moteri.

Nilijitetea vizuri sana, lazima nikiri. Nilirudi ndani nikatoa kamusi, nikawasomea: kupanda, kwenda juu. Mstari wa pili: kupanda, kukaa juu ya mnyama au chombo. Nikaomba mwenye pingamizi asimame. Constance alichukua kamusi kutoka mkononi mwangu, akasoma mstari wa tatu: kupanda, kutia mbegu katika udongo. Akaingia jikoni, akatoka na kijembe kidogo na kikombe cha mbegu.

"Basi panda maharagi."

Nimepanda maharagi! Kiangazi! Alphonse amekaa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu, ananisihi nipande pole pole, sawa bibi arusi. Na Francine amesimama juu yangu, anasikiliza kama bado naweza kusema. Niliweza. Maneno mengine alijifanya hakuyasikia.

Elodie akarudi kutoka kusukwa, kichwa nusu kimekwisha nusu bado. Akauliza papa anatafuta nini kwenye udongo. Wote wakamweleza kwa pamoja, Alphonse kwa ishara. Hakucheka. Alichuchumaa karibu yangu akasema kwa sauti ndogo: "Papa, mie sitaki tonton Alphonse. Anatembeaka mbio, atanivuta sawa mbuzi. Nataka weye."

Halafu akaniomba neno moja. Akisimama, nisimame. Asipokwenda, nisiende. Nisimtangulie hata unyayo.

Rangi ya kucha zake ilikuwa haijakauka, ikanishika kwenye mkono wa shati. Nilitafuta hoja. Sikuipata. Nikasema ndiyo.

Constance akamtazama Francine. Francine akawaza, akasema kwa mwendo huo inawezekana, mradi nikae nikihitaji, na mtu wa familia atembee nyuma yetu na kigoda.

Mtu wa familia ni Alphonse. Naifunga siku hii kwa furaha.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimefika! Kwa miguu! Kwa kitenzi cha kwanza cha kamusi!

Nieleze desturi. Kwetu bibi arusi haharakishi. Akiharakisha watu watasema alikuwa amechoka na wazazi wake. Anainamisha kichwa, anapiga hatua chache, anasimama. Mashangazi wanamwimbia, wanambembeleza, anasogea tena kidogo, anasimama. Nimewahi kuandika dhidi ya desturi hii, kurasa nyingi, nikaiita adui wa maendeleo. Leo sikuona kasoro yake.

Elodie alisimama kwenye kila kona. Alisimama hata pasipo kona. Kila mara, ndani ya vela ya usoni, alinibana mkono akaninong'oneza: "Papa, sema kitu." Nikasema kitu. Jibu likiwa fupi, hakusogea. Mashangazi wakarudia wimbo kutoka mwanzo. Jibu likiwa refu, tukaendelea. Mtaa wote ulimsifu: mutoto ya malezi, angalieni anavyoumia kumwacha baba yake! Mama mmoja alilia juu ya ndizi zake.

Mara mbili nilikaa kwenye kigoda. Mashangazi wakanizunguka wakicheza, sare zao zikanificha. Aliyekuwa mbali alifikiri ni sehemu ya ngoma.

Kwenye kona ya makaa maman Faida aliniuliza tena kwa woga: papa, na barabara? Nikampa maoni yangu. Yote. Elodie alisimama kimya akingoja, shela kwenye vumbi, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Wengine walidhani analia. Nilipomaliza, Faida alipiga kigelegele.

Nyuma yetu Alphonse, tai ya zambarau, kigoda begani. Kona ya mwisho nikaacha kusikia viatu vyake. Niligeuka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mdomo wazi kama samaki wa sokoni. Nikamwuliza maoni yake juu ya barabara.

Hakuweza kusema! Sitaongeza neno. Furaha nyingine zinaharibika kwa kuandikwa.

Mlangoni mwa kanisa Guy alikuwa anangoja, kola imelowa jasho, masikini, alidhani tumebadili mawazo. Nikauweka mkono wa Elodie ndani ya mkono wake. Nilikuwa nimeandaa sentensi kwa ajili ya hapo, sentensi nzuri, yenye Kilatini. Haikutoka. Francine akasukuma watu akanikimbilia, tayari kunishika. Nikamwashiria kwa kichwa hapana, si moyo.

Yaani si ule wenye vali.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Usingizi mzuri. Kasiksi ya jana, ile pombe ya ndizi, nimeonja tu (Constance alishika kikombe). Sasa, kwa utulivu, nifunge mjadala.

Alphonse alidai kwamba mtu wa moyo wa kushona hupanda pole pole kama bibi arusi. Nimepanda hadi kanisani, mtaa wote ni shahidi. Dai limekufa. Atasema nilipanda na bibi arusi, kwa mwendo wa bibi arusi. Wapinzani wasiokuwa na hoja hushikilia vijambo vidogo. Pole pole haikuchangia chochote. Ingekuwa si wale mashangazi na nyimbo zao ningefika mapema zaidi.

Maana yake nimepona. Jana kwenye karamu nilimwendea baba yake Guy, mkwe wangu mpya, mtu mrefu, goti moja bovu. Nikampa changamoto: Jumapili ijayo, yeye na mimi, kutoka soko la Kadutu hadi kanisani, mbio. Akacheka sana. Nimekitafsiri kicheko hicho kuwa ni hofu. Kidogo kidogo imekwisha. Kuanzia kesho ni mazoezi ya kweli, mteremko na mpando, nikiwahi kabla maman Faida hajafungua.

Lakini viatu vyangu vya mbio havipo chini ya kitanda. Parfait ameniambia asubuhi alimwona muramu wangu akishuka na mfuko, anatembea taratibu, anapiga mluzi.

Basi nawageukia wasomaji wangu wawili. Msijifiche. Ukurasa wa Jumatatu una alama ya kidole chenye mafuta ya sambaza, na ule wa Jumatano umekunjwa pembe, jinsi Constance anavyokunja kitabu chake cha misa. Constance, Alphonse, nasema nanyi moja kwa moja, bila ukali: rudisheni viatu vyangu. Leo, kabla ya chakula. Vyote viwili.

Na kamusi.