Joto Si Langu

Jumatatu, 4 Machi
Joto tena! Mara tatu kabla ya chai. Nipo nakata suruali za wanafunzi, ghafla moto kifuani, ukapanda shingoni, jasho likadondokea kitambaa. Mkataji mwenzangu tunayemwita Miwani, binti wa miaka thelathini, akaniuliza kwa upole kama niko salama. Upole gani. Anaitaka nafasi ile ile ninayoitaka mimi: usimamizi wa meza ya kukatia. Bosi wetu, mama mtu mzima, atatangaza Ijumaa. Nikamjibu Miwani kwamba ni pasi inayonichoma. Pasi ilikuwa imezimwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimempitia dada yangu, muuguzi. Akauliza hedhi ya mwisho niliipata lini. Sikumbuki. Akasema basi ndiyo hiyo, hedhi inakoma, si ugonjwa. Hizi hasira, usahaulifu na usingizi wa mang'amung'amu vinatoka huko huko. Nivae pamba nyepesi, nitembee jioni, na nikizidiwa nimwone daktari, dawa zipo. Zaidi ya yote, nimwambie bosi. Nimwambie! Niitwe bibi kabla sijapata hata mjukuu mmoja. Nimemwitikia tu aninyamazie.

Jumatano, 6 Machi
Nimewahi kazini mapema. Nimeigeuzia feni upande wangu na kuifunga shingo kwa uzi isizunguke. Raha iliyoje. Kisha upepo ukazipeperusha karatasi za vipimo. Nikazipanga upya haraka haraka, nikakata bila kukumbuka kugeuza karatasi kwa mguu wa pili. Suruali arobaini, miguu yote ya kushoto. Nimeisukuma chini ya meza.

Alhamisi, 7 Machi
Miwani ameiona ile miguu chini ya meza. Nikajua nimekwisha. Kumbe saa ya chakula amebaki peke yake, akakata miguu ya kulia arobaini kwenye kitambaa cha akiba, wala hakumwambia mtu. Nikamfokea kwa kugusa kazi yangu. Halafu nikaenda chooni kulia. Nilitaka kumshukuru, kwa kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Bosi ameniita ofisini. Akaniuliza waziwazi kama ni mambo ya umri. Akasema yeye ameshayapitia, na meza ya msimamizi iko dirishani penye hewa, ingenifaa sana. Jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi. Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

Nikasema malaria.

Akanihurumia. Akanipa wiki nzima ya kupumzika, na usimamizi akampa Miwani, maana shule zinafunguliwa na nguo hazisubiri. Inaniuma mno. Miaka ishirini na mbili nimeshika mkasi pale, meza ile ilikuwa yangu.

Jumamosi, 9 Machi
Dada amenishauri nimpigie bosi simu nimwambie ukweli, pengine atabadilisha mawazo. Haiwezekani. Bosi anakuja kesho kunijulia hali. Nimetoa mablanketi mawili kabatini, na tangu asubuhi najizoeza kutetemeka.